Asiyekuwapo

Jioni za Jumanne na Alhamisi, Tononoka,
juu ya duka la vipuri vya pikipiki,
tulikuwa tisa kwa kompyuta sita
na feni moja iliyogeuza shingo
kama mtu asiyetaka kuulizwa swali.

Mwalimu Fumo hakuanza na kanuni.
Alisema: hifadhidata ni karani mtiifu mno,
ukimwuliza vibaya atakujibu vizuri.
Tukacheka. Mimi nilicheka zaidi,
karani mwenyewe, miaka kumi na minne
dirisha la kwanza, zahanati, Mikindani.

Kazi ya nyumbani: kila mtu aje na jedwali lake.
Nikaleta Machi nzima,
mistari mia tatu na kumi na miwili:
namba, umri, saa ya kuingia, saa ya kutoka.

Nikaandika kwa kidole kimoja:
chagua wastani wa dakika kutoka wagonjwa.
Jibu likaja kabla sijaondoa mkono.
Arobaini na moja!
Msimamizi angeibandika ukutani
pale kwenye picha ya mtoto anayenawa mikono.

"Sasa wapange, mdogo hadi mkubwa,
kisha mshike aliyesimama katikati."
Wa katikati alikuwa na thelathini na tatu.
Na kule mwisho, peke yake,
Bwana Mwarome, dakika mia sita,
saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni.

Namjua. Alikuja kubadilishiwa bendeji,
saa tatu alikuwa keshakwenda zake.
Ni mimi niliyesahau kumtoa
hadi nilipokuwa nafunga dirisha.
Mtu mmoja, kosa langu moja,
na wote wakavutwa upande wake
kama shuka kwenye kitanda cha watu wengi.

Fumo hakunicheka. Alivuta kiti.
"Hesabu mistari yote."
Mia tatu na kumi na miwili.
"Hesabu saa za kutoka."
Mia mbili hamsini na tano.
Akanyamaza. Chini, mtu alikuwa akijaribu pikipiki,
inawaka, inazima.
Nikatoa kwa kichwa, nikatoa kwa vidole, nikatoa kwa mashine.
Hamsini na saba.

"Tupu si sifuri," akasema.
"Sifuri hakungoja hata dakika.
Tupu hujui alingoja ngapi,
na wastani humruka, bila hata samahani."

Mama akigawa mahamri asubuhi
aliyechelewa kuamka alikuta sahani inang'aa:
*asiyekuwapo na lake halipo.*
Sikujua mashine nayo ililelewa nyumba hiyo.

Chagua namba, siku, saa ya kuingia,
ambapo saa ya kutoka ni tupu,
panga kwa siku.
Wakashuka kwenye kioo mmoja mmoja.
Ishirini na tisa walikuwa wa Jumatatu,
siku ya chanjo, tabibu mmoja, mabenchi mawili,
jua likifika benchi la pili saa nne.

Namba mia na themanini na nane.
Mwanamke, miaka sitini na tisa,
ameingia saa nne kasorobo.
Nilimwandika mwenyewe.
Nilimwambia, keti hapo, Mama, nakuja.

Usiku nikamwuliza. Alikuwa akichambua mchele.
"Nilikuona washughulika, mwanangu,
nikenda zangu."
Na kifua? "Kifua ni changu."

Ripoti nimejaza arobaini na moja,
fomu ina kisanduku kimoja tu.
Ila nje ya kisanduku, kwa kalamu nyekundu,
nimeandika hamsini na saba
na ncha ikatoboa karatasi.
Msimamizi ameuliza hao ni kina nani, walingoja muda gani.
Nimemwambia wa kwanza namjua.

Jumatano nimekuja naye, nimemshika mkono.
Ametoka saa tano na dakika sita.
Nimeichapa hiyo sita,
nikaisoma tena,
foleni nyuma yake ikinung'unika,
na haki yao.