Maoni ya Nyumba Yetu Kuhusu Mchezo wa Kibuyu

Kalunde kauleta kutoka Dodoma, mtumba:
kifimbo cheupe chenye kamba ya kiganjani
na kijicho cheusi cha kubandika juu ya runinga.
Unasimama, unanyoosha mkono, na mle kiooni
kijitu kinabeba kibuyu cha asali, kimejaa hadi mdomoni,
kinavuka daraja la kamba.
Ukitikisika, inamwagika.
Basi. Ndio mchezo wenyewe.

Tumesukuma makochi ukutani, tumekunja mkeka,
Isevya nzima imetusikia tukigombana.

Ngassa, mwenye kifua, kamwaga mara kumi na moja:
"Wametengeneza watu wenye sebule kama kiwanja cha mpira!
Hapa nikirudi nyuma hatua moja nakalia jiko."

Mama mdogo Nyanzala hakumwaga hata tone.
Alisimama mwanzo wa daraja kama anayesubiri kukaribishwa,
hadi honi ikalia.
"Kumbe kuna muda? Mimi nilidhani kazi ni kutomwaga."

Mihayo, miaka saba: "Ni rahisi, ila nyie mnafikiri."
Yeye mwenyewe yuko hatua ya pili tangu Jumamosi.

Mimi nauchukia.
Jana nimeucheza hadi saa nane za usiku,
sauti nimezima, kanga mabegani,
na leo kwapa linaniuma kama nimetwanga mahindi ya harusi.

Baba alitazama siku nne kutoka kwenye kiti chake.
Miaka thelathini na miwili aliinua bendera stesheni,
treni ya Mpanda, ya Mwanza, ya Kigoma,
mabehewa yenye tani zake yakingoja mkono ule.
Siku ya tano akasema: leteni.

Akavaa kamba mwenyewe, taratibu.
Akanyoosha mkono kikazi.
Asali ikamwagika kabla ya daraja.
Akarudia. Ikamwagika.
Yakatokea maandishi: TULIZA MKONO.

Tulikuwa tunajua.
Tulijua tangu Ramadhani, chai yake ilipoanza kujazwa nusu
bila mtu kuagiza;
tangu alipoacha kujinyoa, akasingizia
kwamba kinyozi wa Kanyenye ana hadithi tamu.
Tulijua, tukapishana na jambo lile ukumbini
kama mgeni ambaye hakuna anayekumbuka kamwalika nani.
Sasa limetamkwa na kidude cha plastiki,
kwa herufi kubwa.

"Betri hizo," Kalunde akasema, "zinaisha."
"Betri nzima," akasema Baba.
"Kinaona vizuri hiki. Kinawashinda nyie."

Ningeweza kuishia hapa, ningeonekana mwerevu.
Ila Mihayo hajui kunyamaza: akabonyeza,
akaruka hadi hatua ya tano,
ambayo Kalunde aliifungua Dodoma na hajaivuka tangu Machi.
Kule hakuna daraja. Kuna nyuki.
Unashika tawi, unalitikisa upesi upesi, dakika nzima,
ukipumzika kidogo tu, wanakurudia usoni.
Ngassa aliwahi kufika sekunde ya ishirini
akalala chini akiomba maji.

Baba hakufanya kitu.
Aliuweka mkono mbele yake, akauachia.

Nyuki wakapungua. Wakabaki watatu. Akabaki mmoja,
akaenda zake.
Nyota zikamwagika kioo kizima, tarumbeta,
na Mihayo anaruka juu ya kochi, "Babu kapita! Babu kapita!"
na Baba anacheka, anacheka hadi anaketi,
anajifuta macho kwa mkono ule ule, na unamkosa, unafuta sikio.

Hatukujua kama tupige makofi.
Mama alipiga. Mawili, makavu.
"Jumatatu, Kitete," akasema. "Na mimi naja."

"Mchezo mgumu huu," Baba akasema baada ya muda,
na hayo ndiyo maoni yake, sikuongeza neno.
Kisha akakaza kamba kiganjani.
"Hizo nyuki ziondoeni.
Nirudishieni kibuyu."