Kusafisha Usemi

Kazi yangu ni kuandika yasemwayo.
Edinburgh, Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi,
chumba cha kamati, ghorofa ya kwanza,
mvua inakwaruza kioo kama paka aliyefungiwa nje.

Kanuni imebandikwa juu ya meza yangu:
ondoa vigugumizi, ondoa "eeh" na "yaani",
neno lililorudiwa liandikwe mara moja.
Miaka kumi na tisa nimewasafisha wabunge
hata wake zao wakiwasoma hawawajui.

Ajenda ya kwanza: matunzo ya mahabusu.
Ajenda ya pili: ada za maegesho mahakamani.

Mkurugenzi wa magereza anasema:
"Taratibu zilifuatwa kwa kiasi kikubwa,
na mafunzo yamezingatiwa."
Sentensi hii haina cha kusafishwa.
Imekuja imepigwa pasi, imekunjwa.

Lorne Rankine, miaka ishirini na mitatu,
aliingia Ijumaa, hajahukumiwa,
na vidonge vyake vya kifafa mfukoni.
Walivitia katika bahasha ya kaki,
wakaandika namba, wakaifunga kwa gundi:
muuguzi ataviangalia.
Muuguzi huja Jumatatu.

Mbunge wa visiwani, Bwana Torquil Isbister,
mtu wa maneno machache na tai iliyopinda,
anaomba daftari la zamu lioneshwe ukutani.
Linaoneshwa.
Saa nne usiku: *Amelala. Anapumua.*
Saa nne na nusu: *Amelala. Anapumua.*
Hivyo hivyo mpaka saa kumi na mbili alfajiri.

Daktari alikwisha kusema, ukurasa wa tisa:
kijana alikata roho kabla ya saa tisa.
Saa tatu nzima, basi,
alipumua daftarini tu.

Nami naijua miandiko.
Mkono wa zamu ya usiku huchoka,
herufi huegemeana, wino hukwama, kalamu hubadilishwa.
Huu umesimama wima tangu mwanzo hadi mwisho,
mkono mmoja, kikao kimoja, labda na kikombe cha chai pembeni.
Naliona hilo kama mshonaji aonavyo pindo.
Lakini karani hana mdomo. Nikaandika:
*Daftari lilioneshwa.*

Kisha mama yake.
Ishbel Rankine, mpishi wa shule, wa Greenock,
koti limefungwa vifungo hadi shingoni ingawa chumba kina joto.
Mwenyekiti, Bi. Auchterlonie, anamuuliza kwa upole
angependa kamati ipendekeze nini.

Alikuwa na karatasi. Hakuisoma.
"Mwanangu," akasema. "Mwanangu ali—
mwanangu, yaani, mwanangu alikuwa akiniambia,
eeh, mama usi— mwanangu..."
Akanywa maji. Glasi ikagonga meno.
"Chukua muda wako," mwenyekiti akasema,
na jicho lake moja likaenda kwenye saa.
"Mwanangu," akasema mama. Akanyamaza.
"Mwanangu."

Wahenga walikwisha sema: uchungu wa mwana aujuaye mzazi.
Hawakusema aandikaye afanye nini.

Jioni nimekaa na sauti masikioni.
Kwa mujibu wa kanuni, jibu la shahidi ni hili:
*Mwanangu alikuwa akiniambia, mama, usi—*
Mstari mmoja. Safi. Unapumua vizuri.
Nikautazama sana,
nikauona umesimama wima.

Nikafuta. Nikaanza upya.

Saa mbili usiku simu ikalia, mhariri, Bwana Haldane:
"Ukurasa wa thelathini na moja. Umesahau kanuni?"
"Sijasahau," nikasema. "Nimehesabu."
Akavuta pumzi. Nikasikia kiti chake kikilia.
Kisha akauliza kuhusu ada za maegesho,
kama ni pauni mbili au mbili na nusu.

Waziri ana wiki nane za kujibu.
Taarifa itawekwa rafuni, jalada la kijivu.
Ukiwahi kupita hapo, fungua thelathini na moja.
Ni saba. Zote zimo.
Na "yaani" yake, na "eeh" yake.