Goti la Yarubi

Ibra, baada ya isha, kwenye mkahawa wa Mmalabari,
meza mbili za plastiki zimeunganishwa,
chai ya karaki inafuka kwenye vikombe vya karatasi,
na goti la Yarubi tumeliweka katikati
kama sinia la watu saba.

Thuweini, mweka hazina, ndiye wa kwanza kulimega:
riali mia tatu na hamsini kwa msimu mmoja!
Kwa mguu mmoja na nusu!
Mbuzi wa Nizwa, Ijumaa sokoni, hanunuliwi hivyo.
Kwanza hutembezwa duara,
watu wakamtazama anavyokanyaga.

Zahrani anauza magari yaliyotumika, naye anajua.
Gari lililogongwa, anasema, lipake rangi utakavyo,
fundi atalijua kwa mlio wa mlango.

"Na pasi je?" Mahfudhi amesimama.
"Pasi mmezisahau?"
Anaipindua meza kuwa kiwanja:
chupa ya pilipili ni Yarubi,
vijiti vinne vya meno ni mabeki wa Mudhaibi,
punje ya sukari ni mpira.
Ukapita hapa, wallahi, hapa,
kama mkono wa mama nyweleni mwa mtoto aliyelala,
wala hakuna aliyeamka.

Ni kweli. Nilikuwepo.
Yarubi hatazami anakopiga.
Anaupeleka mahali pasipo na mtu,
na mtu anatokea.
Mtu huyo nilikuwa mimi,
mabao kumi na moja, msimu mmoja,
na watu wakadhani najua kukimbia.

"Daktari wa Maskati kasema miezi tisa,"
Thuweini anahesabu kwa vidole. "Huu wa saba."
"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."
"Koleo utanunua jingine. Goti utalipata duka gani?"
"Acheze dakika ishirini tu, mwisho mwisho."
"Na akivunjika ya ishirini na moja?"
"Asikimbie. Asimame, agawe."
"Asimame! Huyo ni kiungo au nguzo ya taa?"
Mtoto wa mkahawa analeta parata nyingine,
anatafuta pa kuiweka,
anaiweka juu ya mabeki.

Kisha Thuweini ananigeukia.
"Nawe Humudi? Wewe ndiye ulompokea zaidi."
Pangaboi linazunguka. Watu sita wananywa chai
kwa wakati mmoja.

Hakuna anayesema habari ya ule usiku wa Ramadhani,
mazoezi tu, hata jezi hatukuvaa,
mpira ukiwa wake na mimi nikiutaka,
nikachelewa kwa kiasi cha kupepesa jicho.
Nilisikia kijiti cha mdalasini kikikatika.
Akiwa chini, mchanga umemjaa kinywani,
aliwaambia waliokuja mbio:
nimeteleza mwenyewe.
Sikuiomba pasi ile.
Nimekaa nayo miguuni miezi saba
na goli silioni.

"Mimi," nasema. "Mimi naona..."

Taa za Hiluksi zinatupiga usoni.
Mlango unafunguliwa, na sote, bila haya,
tunatazama mguu upi unaotangulia chini.
Kanzu imeuficha. Anakuja taratibu,
taratibu ya mtu anayeumwa
au ya mtu asiye na haraka, Mungu ndiye ajuaye.

"Mnanisengenya?" anacheka.
Mlangoni kuna chupa tupu ya maji.
Hakuitazama. Aliigusa tu,
nayo ikapita chini ya meza ya kwanza,
kati ya miguu ya viti, kati ya ndara za Zahrani,
ikaja kulala kwenye kiatu changu
bila kujigonga popote.

"Kwa mguu upi?" Thuweini ananong'ona. "Nani kauona? Upi?"

Niliuona.
Ninaikanyaga chupa isibingirike,
nauliza nani hajalipia chai.