Cha Nduguye

Mkononi mwa Bi Esha Chikawe, ghala la Kitangari,
daftari la miraba, kalamu ya risasi:
mia mbili kumi na mbili na nusu.
Kwenye stakabadhi niliyomchapia:
mia mbili kumi na mbili.
Hakupandisha sauti.
"Nusu yangu imeingilia mlango gani?"

Kwenye kangomba nusu huibwa kwa bakuli,
mwizi unamwona, unamtukana yeye na ukoo wake.
Hapa mzani mzima, karani mzima,
deni la salfa limekatwa sawasawa, mnada kesho saa nne,
na programu ni yangu mimi, Nambunga,
niliyeapa mbele ya mkutano wa chama
kwamba mashine haili korosho.

Usiku nikaisoma yangu, mstari kwa mstari. Safi.

Ila yangu ni ipi?
Niliomba vifurushi vitatu tu:
cha tarehe, cha kuchapa, cha hesabu.
Vikaja na wageni wao,
na wageni wakaja na wageni wao,
kama harusi ya Mnyambe: umealika ishirini,
pilau imeishia kwa watu usiowajua hata sura.
Nikawahesabu. Mia nne na sita.
Watatu nawaita kwa jina;
waliobaki wanalala ndani ya nyumba yangu
na funguo wanazo.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini,
tuliimbishwa darasa la tatu, fimbo ikigonga ubao.
Cha ndugu wa ndugu wa ndugu wa nduguye
mwalimu hakukifikia, kengele ililia.

Mama ndiye aliyenifundisha, bila kujua,
tulipokwenda kuchimba ming'oko nyuma ya Mkunya.
Juu unaona kijikamba kikavu, hakina hata jani.
Ukikivuta, kinakatika, na chakula kimebaki chini.
Hukivuti. Unakifuata kwa kidole,
kinapinda penye jiwe,
kinapita chini ya mzizi wa mti usiohusika,
bega lako shimoni, shavu kwenye udongo,
unapumua vumbi, na bado kinashuka.

Cha hesabu kinategemea cha sarafu.
Cha sarafu kinategemea cha namba.
Cha namba kipo mara mbili, kipya na kikuukuu,
na kikuukuu ndicho kinachoitika,
maana kilitangulia kuingia, kimebebwa
na kile cha kuchapa, ambacho sikukishuku hata kidogo.
Saa nane umeme ukakatika. Betri, asilimia thelathini.
Nikashuka.
Ngazi ya saba: kifurushi cha mistari kumi na mmoja.
Kazi yake moja, kukata mkia wa namba.
Si kuukadiria. Kuukata.
Aliyekiandika hajakigusa miaka tisa.
Juu ya mstari wa tano ameacha neno:
*nitarudi kurekebisha.*

Nilimtafutia hasira, sikuipata.
Labda aliuza vitu visivyo na nusu,
viatu, tiketi, ng'ombe.
Labda aliuguza mtu.
Kitangari hakuijua, wala kwamba kuna mwanamke
anayeandika nusu kwa kalamu ya risasi.

Asubuhi nikampa Bi Esha karatasi, mishale mitupu.
Akaifuata kwa ukucha kama anayechagua mchele.
Nusu yake nilisharudisha, na za watu wengine mia tatu
ambao hawakuwa na daftari.
"Huyu wa chini kabisa, yeye anamtegemea nani?"
"Hana mtu."
"Na wewe, nani anakutegemea?"

Nilitaka kusema hakuna.
Nikamkumbuka kijana wa chama cha Nanyamba
aliyenakili programu yangu kwenye flashi mwezi wa sita,
akawapa wenzake Tandahimba,
na hao, sijui wamempa nani.
Mstari wa mia na tisini, siku niliyochoka,
nimeandika kwa mkono wangu:
*nitarudi.*

Nje spika ya mnada ilishaanza kukoroma.
Nikavuta kiti, nikaifungua tena kompyuta.