Bawabu Hana Binamu

Ijumaa, saa kumi jioni, na Tartu tayari ni usiku.
Theluji inashuka kama mtu asiye na haraka ya kufika.
Ndani, taa imegeuka nyekundu
na toleo la nne nukta saba limekwama mlangoni,
viatu mkononi.

Mlango huo niliuweka mimi.
Mistari arobaini na miwili ya msimbo, bila pambo:
kila kifurushi kivuliwe kofia, kiulizwe jina na ukoo,
kilinganishwe na daftari la nyufa zinazojulikana,
na kikikutwa na ufa, kirudi kilikotoka.
Hakuna "unanijua mimi ni nani?"
Hakuna chai.
Bawabu wangu hana binamu.

Indrek anakuja, koti begani.
"Urve, hospitali ya Viljandi inasubiri.
Mashine kumi na moja za kusafisha damu,
skrini zinaganda kila baada ya saa sita.
Fungua mara moja tu. Jumatatu tutaziba."
Hasemi uongo, na hilo ndilo linaloniuma.
Skrini zinaganda kweli. Muuguzi wao, Õie, hunipigia simu
na huanza kwa kuomba radhi,
kana kwamba kosa ni lake.

Siim, kijana wetu wa mafunzo, anauliza kwa upole
ufa wenyewe una ukubwa gani.
Nasoma. Kifurushi kidogo cha kufungulia mafaili yaliyobanwa,
ghorofa sita chini ya kazi yetu,
chini ya kitu kinachotegemea kitu kinachotegemea kitu.
Mtu akijua, ataficha amri ndani ya faili
na mashine itaimeza kama uji.

"Mtu akijua," anasema Indrek.

"Wanajua. Ufa una nambari.
Ufa ukishapewa nambari
hata wezi wanao kwenye orodha."

Nafukua: nani alikileta humu?
Kumbukumbu haina aibu, inataja hadi sekunde.
Machi, miaka sita iliyopita, saa nane za usiku,
na maelezo ya maneno mawili: *kwa muda*.
Jina: Urve Lepasaar.

Basi kikulacho
kilikuwa na saini yangu.

Naukumbuka usiku ule. Mtoto alikuwa na homa,
kompyuta iko mapajani, nataka kulala tu.
Kwa muda.
Sasa mtoto ana miaka minane na anapanda baiskeli.

Kuna ufunguo, lazima nikiri.
Neno moja, ninalolijua peke yangu,
na taa inageuka kijani, ufa ukiwa palepale.
Naliandika hadi herufi ya tatu.
Indrek anatazama dirishani ili asinione.
Kisha nafuta, herufi moja moja,
kama anayetoka kinyumenyume
katika chumba alimolala mtu.

Nampigia Õie. Leo naanza mimi kuomba radhi.
"Tumezoea kuzizima na kuziwasha," anasema.
"Niambie tu, damu zinaisafisha sawasawa?"
"Ndiyo."
"Basi kalale."

Silali. Nang'oa kifurushi, na vingine vitatu
vinaanguka pamoja nacho kama meno ya mzee.
Siim amebaki. Ameagiza piza yenye vitunguu vingi mno,
anasoma makosa kwa sauti, na mimi nayarekebisha,
na mara mbili tunarekebisha lililokuwa zima.
Saa kumi alfajiri mlango unafunguka.
Toleo linapita, halisemi hata asante.

Siim anauliza kama tuandike mahali
kwamba kuna jambo halikutokea.
Andika, namwambia,
ila si kwa maneno mawili.

Anaandika mistari tisa. Anakosea tahajia ya jina langu;
namwachia.
Nje, juu ya daraja, trekta la theluji linarudi nyuma,
pi, pi, pi,
likimwonya mtu ambaye hayupo.