Siku Nne Mtanga

Tulifunga duka la Ng'ambo siku ya Jumatano,
makufuli mawili, na la tatu la woga wake.
Miaka kumi na tisa ya ndoa, na safari zetu zote
zilikuwa na jeneza mwishoni, au mahari, au wodi.
Hii haikuwa na kitu mwishoni. Ndiyo maana
alipata taabu kuwaeleza majirani:
"Tunakwenda... tunakwenda kupumzika,"
akalitamka neno kama mtu anayekiri deni.

Treni ilichelewa kutoka Tabora, ikachelewa Kaliua,
Uvinza tukanunua chumvi dirishani
kwa kuwa kila mtu alikuwa akinunua.
Kibirizi tukapanda boti ya abiria,
mimi juu ya gunia la unga wa muhogo,
yeye amekumbatia godoro la mtu asiyemjua,
macho kayafumba mpaka Mtanga.

Chumba kilikuwa cha Bi Nyabhenda:
kitanda, neti yenye tundu moja lililofungwa kwa uzi mwekundu,
dirisha, na nje ya dirisha, ziwa.
"Mmekuja kwa kazi gani?" akauliza.
Tukatazamana.
"Hakuna kazi," nikasema mimi.
Akacheka, akaenda kukaanga migebuka kwa mawese.

Siku ya kwanza hatukujua la kufanya na mikono.
Nilifagia chumba kilichokwisha fagiliwa.
Yeye alipanda na kushuka mwamba ule wenye mtandao
akiuliza kama sukari imefika, kama Doto kafunga hesabu.
Usiku nikaona ndani ya begi lake, chini ya mashati,
daftari la madeni.
Sikusema neno.
Nilipanga tu kanga zangu juu yake.

Siku ya pili tukaingia majini.
Maji ya kule hayana siri,
unaona vidole vyako vya miguu na jinsi vilivyozeeka.
Hajui kuogelea, mume wangu. Alikunja suruali,
akasimama hapo kama mwiko katika sufuria,
visamaki vya milia vikimdonoa ugoko,
naye akipiga kelele, mtu mzima, mjumbe wa mtaa!
Watoto waliokuwa wakiosha vyombo walikaa chini kwa kicheko.

Jioni akaokota jiwe, la kijivu, lenye vinyweleo,
akasema, "Lete mguu."
Akanisugua magaga. Taratibu, kisigino hiki, kisha kile,
akichota maji kwa kiganja.
Ng'ambo, milima ya Kongo ilikuwa ikijifuta yenyewe.
Na hapo, bila kuinua kichwa, akasema,
"Nyamizi, mguu huu una kovu. La nini?"

Nyamizi.
Tangu mapacha wazaliwe mimi ni Mama Kulwa,
dukani, msikitini, kitandani.
Jina langu lilikuwa limekunjwa mahali
pamoja na gauni nililovaa siku ya kuposwa.
Nilimwambia kovu ni la jembe, nilikuwa na miaka tisa.
Sikumwambia kwamba nimelisikia.

Siku ya tatu tulilala mpaka jua likatuona aibu.
Hakupanda mwamba.
Usiku joto lilipozidi alitafuta kitu cha kutupepea,
akapapasa begi, akatoa daftari.
Akanipepea kwa madeni ya mtaa mzima,
mchele wa huyu, mafuta ya yule,
mpaka upepo ukawa mwingi kuliko joto.
Huko nje taa za wavua dagaa zilikuwa nyingi mno,
akaanza kuzihesabu, ni tabia,
akafika arobaini na kitu, akasinzia.

Siku ya nne siikumbuki vizuri. Tulikula papai.

Boti ilipotia nanga Kibirizi simu zilifufuka zote pamoja.
Kulwa: chumvi imekwisha. Tukacheka, tunayo!
Akaruka ufukoni, akanyoosha mkono, tayari ana haraka,
"Mama Kulwa, nipe begi!"
Nilichelewa kuitika.
Nilikuwa bado nikimtafuta huyo anayeitwa,
na kiganjani, ndani ya ncha ya kanga,
jiwe lilikuwa halijakauka.