Kulia Juu ya Kushoto

Neta amefika na theluji mabegani, hakubisha.
Koti akalitundika palepale, kwenye msumari
wa saa ya ukutani ya mama,
saa aliyoondoka nayo yeye, siku ya tatu baada ya mazishi,
imeviringishwa taulo kama mtoto mchanga.
Miaka kumi na mmoja.
Nilifungua kinywa. Nikakata uzi kwa meno.

Mfarishi umetandazwa mezani,
umevuka kingo, umelalia migongo ya viti:
uso wa viraka, pamba katikati, bitana ya flaneli chini,
tabaka tatu zisizojuana bado.
Magauni ya mama yote yamo.
La kahawia, la kukamulia ng'ombe.
La maua madogo, la Jumapili, limefifia makwapani.
Na lile la kijani alilolinunua Saskatoon,
akalivaa mara moja, akasema linamtazama vibaya.
Nilikata mwenyewe, nikaunga kwa cherehani
majira yote ya mavuno na nusu ya baridi.
Sindano ya mwisho tu ndiyo imenishinda,
ile ya kupenya tabaka zote tatu;
vidole vyangu vimekuwa tangawizi.
Ndipo nikaandika barua. Mistari miwili.
Sikuanza na "Dada mpendwa."

Anavaa subana. Nayo ni ya mama,
lakini leo sihesabu.
Anatoboa, sindano inagonga mbao, inarudi juu,
anavuta uzi wa sufu, anakata, anasogea shubiri moja.
Mimi nafuata nyuma, nafunga,
pamba isipate njia ya kuhama.

"Kulia juu ya kushoto," najinong'oneza,
"kushoto juu ya kulia."
"Kulia gani?" anauliza, hainui kichwa.
"Mkono," nasema. "Mkono tu."

Ukikosea, ukarudia upande uleule,
fundo linakaa vizuri machoni,
kisha siku ya kwanza ya kufuliwa linateleza.
Nayajua mafundo. Moja nimeliweka kifuani
tangu lile taulo litoke mlangoni,
na hilo halijateleza hata siku moja,
halina hata mkia wa kulishikia ulifungue.

Mstari wa sita. Chai imepoa.
Nje trekta ya Wiebe inasukuma theluji,
inarudi, inasukuma ileile.
Neta amefika kwenye kiraka cha kijani. Anasita.
"Lilikuwa linamtazama vibaya," anasema.
Tunacheka, kila mmoja upande wake wa meza,
kicheko kifupi, kama cha watu wanaosubiri kliniki.
Kisha, kwa sauti ileile ya kuombea mkasi:
"Saa ilisimama, Justina. Mwezi uleule.
Nilimpelekea fundi kule Regina, akanionyesha
jino moja limekatika. Sikuitengeneza.
Lakini kila Jumapili naitia ufunguo."

Nampa mkasi. Sijui kingine cha kumpa.

Tunapunguza mikia ya nyuzi, pingili moja ya kidole.
Safu kumi na mbili kwa kumi na mbili,
nami nahesabu mia na arobaini na tatu.
Nahesabu tena. Mia na arobaini na tatu.
Jumamosi mfarishi utakwenda kwa Tabea, mjukuu wake,
aliyezaliwa mama akiwa ardhini tayari;
atajifunika magauni yale asijue
lipi lilinuka maziwa.

Neta ameondoka kabla ya giza, barabara isije ikaganda.
Hakusema atarudi. Sikuuliza.
Nasogeza taa, napapasa safu kwa kiganja,
moja, moja, moja,
mpaka kwenye kijani, pale aliposita:
kitambaa kitupu, laini, kinapumua.

Skafu yake imebaki msumarini.
Naichomeka sindano kwenye kiraka kile, wima,
na uzi wake tayari tunduni,
nazima taa.